Kaaha Binti Ogle Alikuwa Anakwenda Hospitali

Bismillahi. Wazee wetu, akina mama mlioketi upande wa uani, majirani, nanyi wenzake wa wodi mliopata ruhusa ya saa chache kuja kukaa nasi, leo ni Jumatatu, tarehe 5 Desemba 1966, siku ya tatu tangu tumzike dada yetu, na familia inawaomba msikilize maisha yake kama yatakavyosomwa na kaka yake, Issack Ogle, kwa niaba ya nyumba yote. Wengine wameuliza kwa nini tunasoma kwa Kiswahili ilhali marehemu alilala na kuamka katika Kisomali. Sababu ya kwanza ni hawa wenzake waliotoka mikoa ya mbali, na ya pili ni kwamba wako watu ambao familia inataka wasikie yote bila mkalimani. Na yule aliyetumwa aje aandike yatakayosemwa hapa, tumemwekea kiti na chai, asihangaike, tutasoma polepole.

Marehemu Kaaha binti Ogle Mursal alizaliwa mwaka 1932, wakati wa mvua za Gu, yaani za masika, katika malisho ya upande wa Balambala, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ogle Mursal, mfugaji wa ng'ombe, na Mama Sirad Nunow, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Tarehe haikuandikwa, kwa kuwa wa kwetu huhesabu umri kwa mvua na kwa ukame, lakini mama yetu alikuwa akisema kwamba siku hiyo Tana ilikuwa imejaa hata ng'ombe wakakataa kuukaribia ukingo. Aliyemfuata ni dada yetu Fatumo, na wawili hao walikua kama vidole vya mkono mmoja, wakalala ngozi moja, na hakuna jambo ambalo Kaaha alilijua asimwambie Fatumo. Mengi mtakayosikia leo yametoka kinywani mwa Fatumo, ambaye yuko uani na anatusikia.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma chuo cha Kurani kwa Maalim aliyehama na kambi yetu, kuanzia mwaka 1939, akahifadhi juzuu nyingi kuliko kaka yake anayesoma hapa, na akaacha alipofikisha umri wa kupelekwa visimani. Shule ya serikali kwa msichana haikuwepo wakati huo, na hata ingekuwepo asingepelekwa. Kiswahili alijifunza mwenyewe akiuza maziwa katika soko la Garissa, akakisema vizuri hivi kwamba wanunuzi walidhani amezaliwa pwani.

Tarehe 14 Agosti 1949 alifunga ndoa na Bwana Yarow Jama, mfanyabiashara wa mifugo aliyeswaga ng'ombe kati ya Liboi na Garissa, mtu mpole wa maneno, ambaye yuko nasi hapa. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wa kwanza ni Maryan, aliyezaliwa Julai 1950, wa pili Kulow, Februari 1953, wa tatu Nunow, Mei 1957, na wa nne ni kitinda mimba Sirad, ambaye hajatimiza mwezi mmoja duniani.

Tungependa kuwataja watoto na kupita, kama inavyofanywa katika historia za watu wengine, lakini kwa dada yetu hatuwezi, kwa kuwa kifo chake kilianzia hapo. Baada ya kumzaa Maryan, mwanamke aliyekuwa akiimba akikamua alinyamaza, akawa anamtazama mtoto kama mtazamaji anavyotazama mzigo wa mtu mwingine, akalia bila kuweza kusema analilia nini, na hali hiyo ikamkaa miezi kadhaa, kisha ikaondoka yenyewe kama ukungu. Kwa Kulow ilikuja nyepesi. Kwa Nunow ilikuja na nguvu zote, hakulala, alisikia watu wakizungumza nyuma ya kibanda ambako hapakuwa na mtu, akamwambia Fatumo kwamba anaiogopa mikono yake mwenyewe. Baba mkwe wake, Mzee Jama, aliita watu wa kupunga pepo, wakapiga ngoma, wakafukiza, wakachinja, na Kaaha akazidi kukonda. Mwezi Juni 1957 kaka yake alimpandisha kwenye lori la ngozi akamleta hospitali ya hapa mjini Garissa.

Huko ndiko alikokutana na Daktari Pereira, ambaye ameketi pale mlangoni, na ambaye hakuuliza pepo ni wa ukoo gani. Alimpa dawa ya kumlaza, akaamuru asiachwe peke yake hata dakika moja, akamwita Yarow na Issack, akawaeleza kwa utulivu. Alisema kwamba katika mwili wa mwanamke mna kemikali zinazoitwa homoni, ambazo kwenye ujauzito hupanda miezi yote tisa, na kwamba hazikai tumboni tu, bali hupanda na damu mpaka kwenye ubongo, zikagusa usingizi, hofu, furaha na hasira. Kondo la nyuma likishatoka, zote hushuka kwa ghafla, katika siku chache tu, na ubongo uliokuwa umezizoea hubaki ukitapatapa, ambapo kwa wanawake wengi huwa ni machozi ya siku mbili tatu yanayokauka, lakini kwa wachache akili yenyewe hung'oka. Alikiri kwamba wasomi hawajalijua lote. Alilolijua kwa hakika ni kwamba ugonjwa huu unatibika, na kwamba ukishamjia mwanamke hivi, uzazi ujao utauita tena. Akasema ni heri asizae tena, na ikiwa atazaa, basi azae karibu na hospitali.

Kaaha alipona. Tarehe 3 Machi 1958 aliajiriwa katika hospitali hiyohiyo kuwa mhudumu wa wodi ya wanawake, akapewa gauni la buluu la kazi, na kwa miaka minane akafagia, akabeba ndoo, akawatafsiria daktari na wagonjwa wasiojua Kiswahili, wengine wakiwa wamebebwa kwa ngamia kutoka mbali sana. Wenzake wametuambia kwamba mzazi mpya alipogeuzia uso ukutani, wauguzi walikuwa wakisema aitwe Kaaha. Hakuwasomea neno homoni, kwa kuwa katika lugha yetu halina pa kukaa. Aliwaambia kwamba mwili wa mjamzito ni kama kambi ya wafugaji, kwa miezi tisa kila kitu kimejengwa kwa ajili ya mgeni mmoja, kisha siku moja kambi inang'olewa yote, ngamia wanapakiwa, watu wanaondoka, na mmoja anasahaulika pale penye majivu, na huyo aliyesahauliwa ndiye akili yako, dada, hajafa, tutamrudia kumchukua.

Alijijua pia mwenyewe. Aligundua kwamba hata katika miaka asiyozaa, siku chache kabla ya hedhi moyo wake uliingia giza, na hedhi ikianza giza likaondoka, mwezi baada ya mwezi, na daktari akamwambia kwamba ni homoni zilezile, zikishuka kwa ngazi ndogo badala ya kuanguka kutoka darini. Akawa anamwambia mumewe, na Yarow mwenyewe alitusimulia akicheka, "Siku hizi usiniulize jambo kubwa. Subiri, utajibiwa na mke wako." Wanaume wanaoinamisha vichwa sasa kwa sababu hedhi imetajwa mbele yao wavumilie kidogo, kwa kuwa hawakuinamisha vichwa siku ile alipofungwa kamba.

Mwishoni mwa mwaka 1963 ulikuja Uhuru, na kabla mwezi haujaisha ikaja hali ya hatari, na tangu hapo hakuna nyumba katika nchi hii iliyobaki na watu wake wote. Tarehe 20 Septemba 1964, Kulow, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alipigwa risasi akiwa na ng'ombe karibu na visima, wakati wanajeshi na shifta, wale waasi wa porini, walipokutana. Haikujulikana risasi ilitoka upande gani, na kila upande uliapa kwamba si yake. Kaaha alimlilia mwanawe kama mama anavyolia, akarudi kazini baada ya eda ya huzuni yake, na familia inataka ieleweke kwamba huzuni ile haikumtia wazimu. Alijua tofauti, akamwambia Fatumo kwamba huzuni ina jina la mtu ndani yake, na ule ugonjwa hauna jina la mtu.

Baada ya hapo Mzee Jama na ndugu zake walikaa kikao, wakasema kwamba mwanamume mwenye mtoto mmoja wa kiume wakati wa vita hana mtoto. Kaaha alikataa. Alikumbusha maneno ya daktari, akamwambia mumewe aoe mke mwingine, na kwamba yeye mwenyewe angempikia bibi harusi. Lakini ng'ombe wa Yarow walikuwa wamekwisha, wengine wametwaliwa na serikali, wengine wamechukuliwa na waliojiita wapiganaji wetu, na mke mwingine hapatikani kwa mikono mitupu. Kwa hiyo akabaki huyuhuyu. Alivumilia kusemwa mwaka mzima na zaidi, na mwanzoni mwa 1966 akashika mimba.

Miezi ile ya ujauzito alikuwa na afya na uchangamfu ambao haukuwahi kuonekana, akatania kila mtu, hata watu wa ukweni wakasema daktari alikuwa mwongo. Yeye hakudanganyika. Alimwambia Fatumo, "Sasa hivi ninabebwa. Nikishushwa, nipokeeni."

Mwezi Julai 1966 ilitoka amri kwamba wafugaji wote wakusanywe katika vijiji vya ulinzi, na jamaa ya Jama ikahesabiwa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge na miiba kando ya barabara ya Liboi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka hapa. Issack aliomba kwamba dada yake abaki mjini, katika nyumba hii, mpaka ajifungue. Maofisa walisema mke huhesabiwa na mumewe. Watu wa ukweni walisema watu watadhani wameshindwa kumlisha. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu vita vianze, pande hizo mbili kukubaliana juu ya jambo. Kaaha akakunja gauni lake la kazi, akalifunga kwenye furushi la nguo, akaenda. Fatumo, ambaye ameolewa katika jamaa hiyohiyo, alikuwa naye, na hilo ndilo jema pekee tulilolipata.

Tarehe 9 Novemba 1966, siku ya Jumatano, alijifungua mtoto wa kike, akizalishwa na mkunga Abshiro, bila shida yoyote ya mwili. Siku ya tatu hakulala. Siku ya tano alianza kusikia tena watu nyuma ya kibanda, na safari hii watu kweli walikuwepo, walikuwa askari wa doria, ndiyo maana hakuna aliyemwamini aliposema wapo wengine. Aliacha kula, akamkabidhi Fatumo mtoto amnyonyeshe pamoja na wake, akaomba, akiwa bado na maneno yake sawasawa, apelekwe kwa daktari.

Fatumo alikwenda langoni kwa afisa anayesimamia kijiji, kuomba kibali. Afisa aliuliza kama mgonjwa anatoka damu, akajibiwa hapana, akauliza kama ana homa, akajibiwa hapana, akauliza basi ana nini. Fatumo akasema halali, na anaogopa.

"Hapa nani analala?" afisa akasema. "Na nani haogopi?"

Akamfukuza. Abshiro alikwenda kesho yake, na mkunga huyu ni mtu mzima mwenye heshima zake, akaambiwa kwamba mwanamke kulia si ugonjwa. Siku aliyofika Issack langoni kutoka mjini, akiwa na ujumbe wa daktari kwamba kitanda kipo na dawa ipo, alikuta bomu la ardhini limelipua lori barabarani, na wageni wote wanarudishwa kwa mitutu.

Lakini lango lilikuwa na funguo mbili, na mmoja haukushikwa na serikali. Yarow angeweza kwenda kwa afisa kama mume, na mume husikilizwa kuliko dada na mkunga, na Kaaha alimwomba aende. Mzee Jama alimkataza, akasema hospitali ya serikali ndiyo iliyomharibu mwanamke huyu, na kwamba anayemkimbilia mzungu wa dawa leo ataambiwa kesho amepeleka habari. Yarow akamtii baba yake. Ngoma hazikuruhusiwa kijijini, kwa hiyo pepo akapungwa kwa moshi peke yake, na Kaaha alipopiga kelele kwamba moshi unamwingia masikioni, akafungwa mikono kwa kamba ya ngamia, kwenye nguzo ya kibanda, mbele ya Nunow, mwanawe wa miaka tisa. Alikaa hivyo zaidi ya wiki.

Alhamisi, tarehe 1 Desemba, alfajiri, Fatumo alimfungua ili amwoshe, na akamkuta ametulia, macho yakiwa yake, kama mtu aliyepanda juu ya maji kuvuta pumzi. Ugonjwa huu una vipindi hivyo, daktari ametueleza. Kaaha aliosha uso, akaswali, akalitoa gauni la buluu akalivaa, akambusu mtoto kichwani kwa mara ya kwanza tangu amzae.

"Mshike," alimwambia Fatumo. "Ninakwenda kwa daktari kabla hali haijarudi."

Fatumo alimwambia kwamba kafyu haijaisha, na lango halijafunguliwa. Akajibu kwamba akingoja lango, atakuwa si yeye atakayetoka. Fatumo alikuwa na watoto wawili mikononi. Kaaha akapita pale mbuzi walipotoboa miiba, akashika barabara, akielekea Garissa, kukiwa kumepambazuka kiasi cha mtu kuona rangi ya nguo. Askari aliyekuwa juu ya mnara alimpigia kelele asimame. Alisimama. Akageuka, akainua mikono yote miwili, ikiwa bado na alama za kamba, akajibu kwa Kiswahili, "Mimi ni wa hospitali." Abshiro alisikia, Fatumo alisikia, na mzee mmoja aliyekuwa akitawadha alisikia. Kisha risasi.

Gari la jeshi lilimleta hospitali, alikokuwa akiomba kuletwa, wakimleta walewale waliomnyima kibali. Daktari Pereira alimpasua tumbo na kufanya aliloweza. Aliishi siku mbili. Ijumaa aliongea kidogo, akamwuliza kaka yake kama mtoto ananyonya, akawauliza wauguzi nani amelala kwenye kitanda cha mwisho na kwa nini hajafunguliwa dirisha, na akasema jambo moja la wosia tutakalolitaja. Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1966, kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, alifariki dunia.

Serikali imesema alikuwa shifta aliyevunja kafyu na kukataa kusimama. Watu wetu nao wamesema jingine, kwamba alitoka ili auawe, kwamba amejiua kwa bunduki ya mtu mwingine, na neno hilo lilipelekwa kwa imamu, jeneza likiwa limekwisha kufika msikitini, hata likakaa kivulini tangu adhuhuri mpaka alasiri wanaume wakibishana. Imamu wetu, Mungu amzidishie, aliwaambia kwamba kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili, akamswalia. Familia inamshukuru, lakini inasema hadharani kwamba hata ruhusa hiyo dada yetu hakuihitaji. Hakuwa shifta, hakuwa na pepo, na hakuwa anatafuta kifo. Alikuwa mgonjwa, alikuwa anajua ugonjwa wake, na alikuwa anakwenda hospitali.

Familia inamshukuru Daktari Pereira na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomwosha damu mwenzao kwa mikono yao, inamshukuru mkunga Abshiro, aliyesema ukweli langoni na akausema tena msikitini, inawashukuru majirani wa mtaa huu walioleta maji, kuni na maziwa katika siku ambazo hakuna mwenye cha ziada. Inamshukuru Bwana Yarow, ambaye amelia tangu Jumamosi, na machozi yake tumeyaona. Mzee Jama hakuja, na tunamshukuru kwa hilo pia. Afisa wa kijiji alimpa Fatumo kibali cha kutoka, chenye mhuri, siku ya mazishi, tunashukuru, tumekipokea. Mtoto Sirad yuko kifuani mwa Fatumo, na hapo ndipo atakapokaa.

Sasa wosia. Maneno aliyoyasema dada yetu siku ya Ijumaa yalikuwa haya, "Maryan ana mimba. Asiachwe peke yake." Binti yake huyo aliolewa mwaka jana, na anatazamiwa kujifungua mwezi wa pili, na daktari ametuambia kwamba ugonjwa wa mama huweza kumfuata binti, ijapokuwa si lazima. Wakwe zake wako hapa, na tunawaeleza mbele ya mashahidi. Maryan hatarudi kijijini baada ya leo. Atazaa mjini, katika nyumba hii, na arobaini yake yote kutakuwa na mtu macho kando yake, akilia tutaketi naye, asipolala tutampeleka kwa daktari mchana kweupe, kwa mguu, tukiwa wengi, wanaume mbele. Atakayekuja na kibali kumtoa, na atakayekuja na kamba, watatukuta mlangoni.

Kaaha binti Ogle, ulichoomba kilikuwa usingizi, na dawa yake ilikuwa kabatini, mwendo wa asubuhi moja. Mola akupe amani ambayo sisi, watu wako na serikali yako, tulikunyima, na ndani yake upumzike.